Usimuulize mwenzako kama amekula, mpakulie

Kama unaishi Nairobi, Mombasa, Kisumu ama Nakuru na una miaka ishirini na kitu, kuna neno moja umelisema mwezi huu na halikuwa la kweli. Neno lenyewe ni "nimekula."

Unaijua hiyo hali. Umeingia kwa keja ya beshte yako jioni, umekuta sufuria imeepuliwa, mvuke unapanda, harufu ya kitunguu imekupokea mlangoni. Anakwambia, "Karibu tule." Tumbo lako limenyamaza tangu saa sita kwa sababu limechoka kulalamika. Lakini mdomo unajibu kabla ya akili: "Zii, wewe endelea, nimekula saa hii tu." Naye, kwa heshima, anakuamini. Anakula, wewe unashika simu na kujifanya unasoma meseji.

Maoni yangu leo ni mafupi, halafu nitayatetea. Tuache kuulizana "umekula?" na tuanze kupakuliana. Tusingoje nyama, mshahara wala siku ya kuzaliwa ndio tuite watu. Ugali na sukuma vinatosha kuita mtu. Nasema hivi kwa sababu, miongoni mwetu vijana tunaotafuta maisha mjini, sijaona njia nyingine ya kugundua ni nani kati yetu analala njaa.

Hilo neno tulifunzwa tukiwa wadogo. Kumbuka mkienda kutembelea watu na mathe. Kabla ya kubisha mlango mlipewa masharti: msiombe kitu, msikodolee macho chakula cha watu, na mkikaribishwa mseme mmeshiba. Ukithubutu kukubali kile kipande cha mkate, jicho la mathe lilikuwa linakungoja upande wa pili wa meza, na ulijua mkifika nyumbani kuna kesi. Wazazi walimaanisha vizuri. Hawakutaka tuwe walafi, wala tuwe mzigo kwa mwenye nyumba ambaye pengine naye alikuwa amekopa hiyo sukari. Shida ni kwamba tumekua, tumehamia mjini, na bado tunaishi kwa sheria ya mtoto wa miaka saba. Yule mtoto akisema ameshiba, alirudi nyumbani akakuta chakula kimefunikwa. Wewe ukirudi kwako unakuta meko imeisha gesi.

Sasa tuongee msosi wenyewe. Ukitaka kuanzisha vita kwa kundi la WhatsApp, uliza tu chakula gani ni namba moja Kenya. Mtu wa Pwani atakuja na biriani, ama mahamri na mbaazi za nazi, na atakwambia pilau mnayopika bara ni wali uliopakwa rangi. Mtu wa Kisumu atasema hujawahi kula samaki mpaka umalizane na ngege mzima, kichwa na yote. Mluhya atasimama na ingokho, kuku wa kienyeji mwenye mchuzi mzito, na ugali mgumu. Mkamba atakuletea muthokoi. Mkikuyu atatetea mukimo hata kama hakuna aliyemshambulia. Halafu kuna yule wa mutura ya saa moja jioni kando ya barabara, huyo habishani na mtu, anaomba tu aongezewe pilipili.

Mimi kura yangu ni chapo madondo na sikati rufaa.

Hebu fikiria hiyo chapo imetoka wapi. Asili yake ni Bara Hindi, na maelfu ya Wahindi waliletwa hapa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Vizazi vichache baadaye imekuwa yetu kabisa, hadi kwa nyumba nyingi za bara chapati ilikuwa ndiyo Krismasi yenyewe. Na haikupikwa na mtu mmoja. Mmoja alikanda unga, mwingine akakata madonge, mwingine akasukuma (kwa chupa ya soda kama hakukuwa na kifimbo), mwingine akakaa na jiko akigeuza huku macho yakimtoka machozi kwa moshi. Watoto walipanga foleni wakingoja ile ya kwanza, ambayo huwa haina umbo, ikatwekatwe kila mtu apate kipande. Kufikia wakati wa kula, kila mtu kwa hiyo nyumba alikuwa ameishika.

Ukiangalia vizuri, karibu kila chakula tunachokipigania kiko hivyo. Nenda Kariokor ama Burma. Nyama inapimwa kwa kilo, inakatwa juu ya ubao, ugali katikati, kachumbari kando, na mikono yote inaenda pale pale. Agiza robo kilo ukiwa peke yako uone vile unahurumiwa. Pwani, wali unawekwa kwa sinia moja, watu wanalizunguka, kila mtu anakula upande ulio mbele yake. Ukiwa mdogo utaona vipande vya nyama vinasogezwa kwako na mzee ambaye hata hakuangalii. Eastleigh utakuta sahani kubwa ya wali wa Kisomali, ndizi kando, na wanaume wanne wameinamia hapo wakipiga stori za biashara. Kwa mikahawa ya Kiethiopia injera moja inabeba michuzi ya wote, na kuna desturi ya kumtilia mwenzako tonge mdomoni kwa mkono wako mwenyewe. Wanaita gursha.

Hata ugali wa kawaida, jaribu kupika wa mtu mmoja. Unashika chini, unaungua, unabaki na ukoko mwingi kuliko ugali. Wa watu watano ndio unageuzika vizuri.

Halafu angalia vile tunaishi. Bedsita moja, meko moja, sufuria moja, kijiko kimoja. Duka la chini linakuuzia mafuta ya 20, unga wa kupima, sukuma iliyokatwa tayari. Hiyo biashara ya kadogo imetuokoa wengi na siidharau, maana siku umebaki na soo moja mfukoni bado unaweza kula. Lakini pia imetuzoesha kupika kwa kipimo cha tumbo moja. Na yule aliye na pesa kidogo anabonyeza simu, mtu wa boda anafika na mfuko umefungwa, mlango unafunguliwa nusu, unafungwa. Nyuma ya milango kumi ya ploti moja kuna watu kumi wanakula kila mtu kivyake, na nusu yao wanaangalia video za watu wengine wakila.

Si Kenya pekee. Ripoti ya Furaha Duniani ya 2025 ilitenga sura nzima kuzungumzia kula pamoja. Watafiti waliangalia nchi zaidi ya 100, wakakuta kwamba wanaokula na wenzao mara nyingi ndio pia wanaosema wameridhika zaidi na maisha. Marekani, mwaka wa 2023, karibu mtu mmoja kati ya wanne alisema siku iliyotangulia alikula milo yake yote peke yake. Hiyo idadi imepanda kwa zaidi ya nusu tangu 2003, na imepanda zaidi kati ya vijana. Bila shaka mtu anaweza kuuliza kipi kilitangulia, kwa sababu pengine aliye na furaha ndiye anayealikwa kila mahali. Swali zuri. Lakini hata kama ni hivyo, bado linatuacha na kazi ileile, maana yule asiye na furaha ndiye hana wa kumwalika.

Naongea hivi nikijua upande wa pili ulivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iligoma, stori ikaishia hapo. Nilibaki mjini nikitafuta vibarua kwa sababu kurudi nyumbani mikono mitupu kulinishinda. Miezi hiyo watu wengi wazuri waliniuliza, "Umekula?" Nilijibu nimekula, tukaendelea na mambo mengine. Swali lenyewe lilikuwa limenifungulia mlango wa kutorokea.

Mama wa mlango wa tatu hakuwahi kuniuliza. Alikuwa anamtuma kijana wake mdogo na sahani iliyofunikwa na sahani nyingine. "Mathe amesema uonje." Kuonja! Madondo yamejaa hadi ukingoni, chapati tatu zimekunjwa juu, ati kuonja. Na hapo sikuwa na la kukataa, kwa sababu hakuna mtu amesema nina njaa. Nimeombwa tu maoni kuhusu chumvi. Halafu sahani ya watu hairudi tupu, hiyo kila mtu aliyelelewa anaijua, kwa hivyo siku nikipata kibarua niliirudisha na ndizi mbili ama nyanya tatu. Siku moja niliirudisha na kiberiti. Alikipokea kama vile alikuwa anakitafuta asubuhi yote.

Huyo mama hakuwa na pesa. Alikuwa na watoto watatu na biashara ya mboga. Alichokuwa nacho ni akili ya kujua kwamba ukitaka mtu ale, usimpe nafasi ya kujieleza.

Kama unadhani hilo linawezekana tu kati ya majirani, siku moja ukiwa kwenye basi la Mombasa shuka Makindu. Karibu na barabara kuu kuna hekalu la Sikh lililojengwa 1926. Msafiri yeyote anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa chakula bila kulipa. Hakuna nyama: ni dengu, wali, chapati, chai. Haulizwi dini, haulizwi kabila, haulizwi kama umekula. Huo ni utaratibu wa Sikh popote walipo duniani, unaitwa langar, na msingi wake ni kwamba mwenye nacho na asiye nacho wakae mstari mmoja wale kitu kimoja. Mwenye gari kubwa na kijana aliyeombea lifti njiani wote wanapata dengu ileile.

Sasa nasikia mnavyosema. "Buda, wewe unaongea tu, kwani unga ni bei gani?" Ni kweli. Mwaka wa 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200, serikali ikaishusha kwa ruzuku hadi 100 kabla ya uchaguzi, na baadaye ruzuku ikaisha. Hakuna kijana anapanga bajeti ya chakula akiwa na uhakika. Kwa hivyo tupige hesabu kama watu wazima.

Tuseme mko sita. Kila mtu atoe 100, mna 600. Kwa mtaa wetu, unga wa ngano kilo mbili ni kama 180. Maharagwe kilo moja 160. Mafuta 80. Vitunguu, nyanya na dhania 70. Makaa 100, kwa sababu madondo ya gesi yatawafilisi. Hiyo ni 590. Kilo mbili za unga zinatoa kama chapati 20, kwa hivyo kila mtu ana tatu na mbili za kugombania. Kibandani, chapo tatu kwa 20 na sahani ya madondo ya 60 ni 120. Umeokoa 20 na kuna madondo ya Jumatatu. Sijasema mtatajirika. Nasema tu kwamba kula pamoja hakukugharimu zaidi ya kula pekee, na kama mwezi ni mbaya, mnabadilisha: ugali, sukuma na omena, kila mtu 50. Sukuma wiki yenyewe jina lake linasema kazi yake, kusukuma wiki. Ni rahisi zaidi wiki ikisukumwa na watu sita.

Wa pili atasema, "Mimi sina shida na kupika, shida yangu ni mafisi." Anamaanisha yule msee wa kuja kila wiki mkono mtupu, akifika anauliza kama kuna soda, halafu anachagua kipande kikubwa. Yupo, hatuwezi kukataa. Lakini tofautisha asiye nacho na asiyetaka kutoa. Asiye nacho mpe kazi: achote maji, akande unga, aoshe sufuria. Atafanya kwa moyo wote, kwa sababu umempa njia ya kula bila kuombwa msamaha na mtu wala kuomba. Fisi wa kweli utamjua kwa sababu atakimbia mnapofika kwa sufuria, na Ijumaa alikuwa na pesa ya kinywaji. Huyo mwambie usoni, mkiwa wawili, bila matusi. Usifunge mlango wa watu watano kwa sababu ya mmoja.

Wa tatu ataleta wahenga. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Methali hii ni ya kweli, na sijamwomba mtu yeyote afe nami baada ya Jumapili. Ninachoomba ni kitu kidogo zaidi, kwamba mtu atambue nikianza kukonda. Mzaliwa nami yuko kilomita mia nne kutoka hapa. Ananipenda sana, na akinipigia simu atauliza, "Umekula?" Nitajibu nimekula, na kupitia simu hawezi kuona mfupa wa shingo. Mtu wa mlango wa pili anauona.

Na kuna pingamizi ambalo halisemwi sana, nalisema mimi. Mara nyingi wasee wakisema "tukutane tudishi," wanamaanisha wasichana wapike na wao wakae wakicheza gemu hadi waitwe. Ukiona dada zetu wanakataa hizi mambo za kula pamoja, si uchoyo. Wametoka kazini kama wewe, na hawataki zamu ya pili jikoni bila malipo. Kama huwezi kusukuma chapati, osha vyombo. Kama huwezi kuosha vyombo, basi nenda hotelini ulipe, kwa sababu hiyo ndiyo huduma unayotafuta.

Mambo mengine ni ya adabu ya kawaida. Uliza mapema nani hali nini. Kama kuna Mwislamu kati yenu, nguruwe isipikwe kwa sufuria hiyo hata jana yake. Wakati wa Ramadhani, sogezeni saa ya kula hadi magharibi, mle futari pamoja. Nyinyi ambao hamkufunga hamtakufa mkingoja. Na tafadhali, usipige picha ya sahani ya mtu mwingine. Picha ya chapo zako weka kwa stetasi upendavyo. Lakini yule aliyekuja kwa sababu hana, asijikute kwa simu ya watu mia mbili ameinamia sufuria.

Nilisema mwanzoni kwamba meza ndiyo inayogundua nani analala njaa. Nitakuonyesha vile inafanya hiyo kazi.

Kwa ploti yetu kuna jamaa alikuwa anafanya mjengo. Kazi ikasimama, hakumwambia mtu. Kwa kundi letu la WhatsApp alikuwa ndiye mchekeshaji mkuu, kila asubuhi ametuma kitu cha kuchekesha, huwezi kudhani ana shida yoyote. Jumapili moja alikuja kula. Hakupiga stori. Alikula chapati zake tatu bila kuinua kichwa, akamaliza madondo, halafu akaanza kupangusa sufuria kwa kipande cha mwisho, polepole, pande zote. Kila mtu aliona. Dada mmoja anayeuza smokie stejini alisukuma chapati yake ya tatu upande wake, akasema, "Hii imenishinda." Haikuwa imemshinda.

Baadaye wakiosha vyombo ndio jamaa alimwambia mmoja wetu kwamba tangu Jumatano alikuwa anaishi kwa strungi na mandazi. Siku nne, na meseji za kuchekesha zote hizo zilitoka kwa hilo tumbo. Hakuna mtu alifanya mkutano. Usiku huo alipewa madondo yaliyobaki "ayaweke kwa sababu hatuna nafasi." Jumanne kuna mtu alimpeleka Gikomba kwa jamaa wa kupakia mizigo. Haikuwa kazi ya kuandikia nyumbani, lakini ilikuwa pesa ya kila siku, na Jumapili iliyofuata alikuja na soo yake mkononi na kelele zake zote.

Bila hiyo sufuria, hiyo stori ingeenda wapi? Nimefikiria na sipendi majibu ninayopata. Kijana mwenye njaa ya siku nne, mwenye aibu, anayejua kuchekesha, yuko karibu na maamuzi mabaya kuliko vile marafiki zake wanadhani.

Usinielewe vibaya, sisemi chapo zetu zichukue nafasi ya serikali. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hilo ni deni, na tuendelee kulidai. Tena tumeona inawezekana. Tangu 2023, mpango wa Dishi na County unapikia watoto wa shule za umma Nairobi, mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani, mtoto anagusisha bangili yake kwenye mashine, anapakuliwa. Hakuna mwalimu anapita darasani akiuliza nani amekula nyumbani ainue mkono. Lakini ukishafika miaka ishirini na mbili, umemaliza shule ama imekumaliza, hakuna bangili. Kuna wewe, mimi, na sufuria ya nani iko kwa moto leo.

Kwa hivyo anza Jumapili hii. Usingoje kununua meza, wengi wetu tunakula chini na chakula kinashuka vilevile. Usingoje Desemba ukiwa na pesa, kwa sababu anayekuhitaji zaidi atakuja Njaanuari, mkiwa wote mmesota. Azima sufuria kubwa kwa mama mboga. Hesabu milango ya ploti yako, chagua mitatu, pamoja na ule ambao hujawahi kusikia kijiko kikigonga sahani ndani yake. Usitume meseji ndefu ya mwaliko. Bisha, sema, "Kuja uonje hii kitu, sijui kama chumvi imefika."

Atasema amekula. Mwambie ni sawa, aonje tu. Na uwe umeshapakua.